Mjomba, mimi nasomea pweza

Mjomba, shikamoo.

Nimesikia umeuliza tena barazani: huyu mtoto wetu anasomea samaki, kwani samaki nao wana mitihani? Nakujibu hapa hadharani, maana si wewe peke yako unayeuliza.

Sisomei samaki, nasomea pweza. Nilimaliza shahada ya kwanza Dar, sasa niko Taasisi ya Sayansi za Bahari, Buyu. (Mshahara usiniulize.) Kazi yenyewe ni kusimama dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, maji yakianza kujaa, nikipima pweza wanaoletwa: uzito, mayai, dume au jike. Dume namjua kwa mkono wa tatu wa kulia. Ncha yake haina vinyonyeo.

Shimo la pweza unalitambua kwa maganda ya kaa mlangoni, hilo sikufundishi. Ila jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia humo akilinda mayai kama mwezi mzima bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Vitoto huchukuliwa na mkondo, vikaelea wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Kwa hiyo pweza unaowachokoa leo huenda hawakuzaliwa hapo kwetu. Walitoka wapi? Swali hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kuhusu kufunga mwamba, yaani kuacha kuvua pweza hapo kwa miezi kadhaa kisha kufungua, unakosema ni kuwanyima watu kitoweo: Madagaska, kijiji cha Andavadoaka kilianza mwaka 2004. Pweza huishi mwaka na kidogo tu lakini hukua mbio, akiwa mdogo uzito huweza kuongezeka maradufu kwa mwezi. Ukimwacha miezi miwili mitatu, unamkuta mwingine kabisa.

Lakini hoja yako nyingine naikubali, na nimeisema hata mbele ya walimu wangu. Siku ya kufungua, mwamba hujaa hadi watu wasiowahi kuukanyaga, na bamvua moja, zile siku chache maji yanapotoka mbali kabisa, linatosha kuumaliza. Tena mwamba ukifungwa, wanaoumia kwanza ni akina mama. Mzamiaji mwenye miwani huhamia maji marefu. Mama anayekwenda kwa miguu maji yakitoka atahamia wapi? Ratiba ya kufunga ipangwe nao, si kupelekewa.

Nakuja bamvua lijalo. Pweza wako usiwapige wala kuwakata kabla sijawapima, na jike mwenye mayai niwekee tumbo lake. Nyama kuleni.