Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Mahesabu yamekaguliwa na nakala mnazo mkononi, ada za uanachama zimekusanywa vizuri, na ziara za shule zimefanyika kama ilivyopangwa. Hayo sitayarefusha, kwa kuwa liko jambo lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni shule zetu za Mtwara na Lindi kununua vifaa vya TEHAMA kabla ya kujipanga.

Katika ziara moja tulifika shule ya sekondari, ambayo jina lake nalihifadhi, ambako wazazi walikubaliana kuchangia kutoka kwenye malipo ya korosho ili zinunuliwe kompyuta 12 na projekta. Tulizikuta stoo, kando ya magunia ya mahindi, saba zikiwa bado ndani ya maboksi. Mwalimu wa fizikia aliifunua projekta iliyofunikwa kanga, akatuonyesha kwamba waya wake hauingii kwenye tundu la kompyuta hizo. Kiunganishi, ambacho ni kitu cha bei ndogo, hakikuwamo kwenye bajeti. Darasa lililotengwa lina soketi moja. Mama mmoja, mjumbe wa bodi ya shule, alipangusa vumbi la boksi kwa ncha ya mtandio wake, akauliza taratibu, "Korosho zetu ndizo hizi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lile limenikaa moyoni hadi leo.

Kamati imetafakari chanzo cha hali hiyo. Fedha za korosho huingia kwa mkupuo kuanzia Oktoba, na muuzaji wa vifaa anaujua msimu huo kama mkulima anavyoujua, hivyo ununuzi hufanyika kwa haraka; lakini luku, bando na fundi hudai kila mwezi, hata Mei ambapo mifuko imekwisha kukauka. Huku pwani, Mikindani hadi Kilwa, hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani ya mashine, na kule Newala vumbi huingia kila penye upenyo.

Wala si sisi peke yetu. Peru iligawa kompyuta mpakato zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotolewa 2012 haukuona tofauti katika matokeo ya hisabati na lugha. Mashine zilifika, ila namna ya kufundishia haikubadilika.

Nasisitiza kwamba hatupingi teknolojia. Walimu wetu wengi wanavyo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, na Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Kuanza na hivyo vilivyopo hakudai mchango mpya wa mzazi. Kunadai mwalimu apewe muda na mafunzo.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba chama kisiunge mkono mchango wowote wa vifaa hadi shule ieleze kwa maandishi ni somo lipi litakalofundishwa, na mwalimu yupi, katika chumba chenye soketi ngapi, na nani atakayelipa umeme na matengenezo kwa miaka mitatu. Rasimu ya fomu hiyo imeambatishwa, nami naomba ijadiliwe na kupigiwa kura leo, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa.