Mji uliojengwa kusubiri karanga

Mtwara

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Kusini. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba ulifika Tanga salama na mama anaendelea vizuri. Mpe shikamoo yangu. Sisi hatujambo, tunangoja mvua.

Kuna neno ulilisema siku ile unapanda basi, na mpaka leo sijaweza kuliweka chini. Ulisema mji wetu una barabara pana kuliko watu wake, na kwamba ulipotembea kutoka Shangani hadi sokoni ulijiona kama unapita vijiji vitatu visivyojuana. Sikupata nafasi ya kukujibu, kondakta alikuwa ameshapiga bodi la basi. Uliyoyaona ni kweli kabisa. Nataka tu ujue yametoka wapi.

Ukitaka kuujua mji huu anzia Mikindani, kilomita kama kumi kutoka hapa, pale basi lenu lilipoifuata ghuba ukaona mibuyu karibu na maji. Mikindani ndiyo mama. Majahazi yalitia nanga pale karne nyingi kabla hapa Mtwara hapajawa mji. Pembe za ndovu na nta zilishuka kutoka bara, na walishuka pia watu waliofungwa, wakauzwa na kuvushwa kwenda Unguja na mbali zaidi. Livingstone alipita kwenye ghuba hiyo mwezi Machi 1866 akaingia bara safari yake ya mwisho. Mwaka 1895 Wajerumani wakajenga boma lao jeupe juu ya mteremko, na bado lipo.

Bibi yangu alizaliwa Mikindani, kwenye nyumba ya mawe ambayo sasa imebaki kuta mbili na mlango. Mara ya mwisho nilipokwenda niliushika ule mlango. Mbao bado ngumu, maua yaliyochongwa bado unaweza kuyafuata kwa kidole, lakini pete ya chuma imeliwa na chumvi hata ukiigusa inakuachia unga mwekundu viganjani. Mkojani mmoja amefunga kamba ya ngalawa yake hapo hapo. Niliona afadhali, angalau bado unafanya kazi.

Kilichoishusha Mikindani ni maji. Majahazi yalitosheka nayo, lakini meli kubwa za bahari kuu zilihitaji kina na gati la kuegesha ubavu. Kina kilikuwa huku kwetu, kwenye ghuba ya Mtwara, iliyokingwa na rasi ya Msangamkuu. Wakati huo palikuwa vijiji vya wavuvi na minazi.

Sasa sikiliza habari ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, mamilioni ya ekari, kuanzia 1947. Kongwa ndiko walikoanzia, kisha Urambo, na huku Kusini wakachagua Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli, na reli ilihitaji bandari. Basi wakaja wapimaji na ramani zao. Hawakupima bandari peke yake, walipima mji mzima wa watu 200,000.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Ule uwazi ulioupita kati ya mtaa na mtaa haukuachwa kwa uzembe. Shangani ilipimwa ufukweni kwa ajili ya wakubwa wa Kizungu, wafanyakazi wakawekwa mbali nao, kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni, na katikati ikaachwa nafasi ya nyumba zitakazokuja. Barabara zilikatwa kwa upana wa mji ule wa kwenye karatasi.

Babu yangu alishuka kutoka Newala kuja kubeba mawe ya gati. Alikuwa kijana, hajaoa. Alitusimulia kwamba kila siku waliambiwa meli za karanga zinakuja, wafanye haraka. Kumbe huko mashambani mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama sakafu, majembe ya matrekta yakavunjika, mvua zikakataa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zimekwisha teketea. Gati letu lilikamilika 1954, miaka mitatu baada ya kufa kile kilichosababisha lijengwe. Reli ilipita kwa muda, kisha 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Babu hakurudi Newala. Naye si peke yake. Wamakonde wa nyanda za juu, Wamakua, Wayao, na wengine waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walibaki kwenye mji ambao wenye ramani walikuwa wameshauacha wakafunga safari. Kwangu mimi hao ndio waanzilishi wa Mtwara. Mkoloni alichora, lakini aliyekaa ndiye aliyejenga.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Kuanzia 1964 hadi 1974 vita ya ukombozi ya Msumbiji ilikuwa jirani yetu wa karibu, na Nachingwea, kule kule kwa karanga, FRELIMO wakaweka kambi ya kufundishia wapiganaji. Huo, ukiniuliza, ndio mchango mkubwa wa ardhi ile, kuliko mafuta yoyote. Mwaka 1971 Lindi ikatengwa na Mtwara, ikawa mkoa peke yake. Na barabara ya Dar es Salaam, ndugu yangu, hiyo ilikuwa habari nyingine. Masika yakiingia, Rufiji inatukata. Unga unapanda bei, mgonjwa hasafiri, barua hazifiki. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Agosti 2003 watu wazima walilia. Nilikuwepo nyumbani siku tuliposikia redioni, na mama alikaa chini sakafuni.

Nakuandikia haya yote kwa sababu ya swali lako jingine, lile la kwa nini watu wa huku walilipinga bomba la gesi, uliloniuliza kwa sauti ya chini. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikakaa. Ilipotangazwa kwamba itasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, watu waliandamana Desemba 2012, na Mei 2013 vurugu zikawa kubwa, watu wakafa. Wengi huko kwenu walisema watu wa Kusini hawataki kugawana na wenzao. Iliniuma sana kusikia hivyo. Watu walioona reli ikiwekwa na kung'olewa mbele ya macho yao, unapowaambia maendeleo yanapita hapa kwenda mahali pengine, watakuamini vipi? Wazee waliokuwa wakitusimulia karanga walikuwa bado hai. Bomba lilikamilika 2015.

Lakini mji unajaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa, kama nusu ya wale waliochorwa, miaka sitini baadaye. Kilichotujaza zaidi ni korosho. Msimu ukifika, minada ikaanza, malori kutoka Newala na Tandahimba yanapanga foleni kwenda bandarini usiku na mchana, na gati alilobebea mawe babu limepata mwenzake, jipya, la mita 300. Ile nafasi kubwa nyuma ya nyumba yetu, tuliyokuwa tukichezea mpira, sasa ina nyumba saba za mabati mapya. Zote za msimu mmoja wa bei nzuri.

Ukija tena, njoo Novemba. Nitakupeleka Msangamkuu kwa kivuko saa za jioni, tukae mchangani tuitazame bandari kutoka upande wa pili, taa zikiwashwa na meli ikipakia. Kutoka pale utauona mji mzima kwa mara moja, na zile nafasi katikati yake. Utanionyesha ni zipi ulizozipita.

Usisahau machungwa ya Muheza.

Rafiki yako wa Mtwara