Barua kwa mwanangu: hiyo ngazi iache

Mwanangu,

Picha nimeiona. Nyumba nimeifurahia mno, Marekani hii mimi huku Saint Paul nilipata yangu nimeshapita miaka 40 na wewe hapo Duluth una 27 tu, nimewaonyesha mpaka kina mama wa chama. Ila umepigwa picha uko juu ya ngazi unatoa majani kwenye gata, mifereji ya maji ya paa, na aliyekupiga kasimama kule barabarani. Sasa ngazi alishika nani?

Ya baba yako sirudii, ulikuwepo. Usichokijua ni kwamba asubuhi ile mimi ndo nilisema gata zimejaa, wageni wa Jumapili wataona nyumba kama gofu. Yeye alisema tungoje, majani bado yamelowa. Basi.

Majani ya chini piga reki hata siku nzima, hilo sina neno. Alafu usiyatupe yote, panda saumu wiki hii kabla ardhi haijaganda, punje ncha juu, inchi 2 chini, ufunike na hayo hayo majani, Julai unavuna. Na mpira wa maji utoe kwenye bomba la nje, maji yakibaki humo yanaganda yanapasua bomba ndani ya ukuta, nakwambia kila mwaka na kila mwaka unasema ndiyo mama.

Huku juzi usiku umande uliganda. Mchicha na bamia asubuhi vimelala vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Bahati nyanya nilizitoa jioni yake, mbichi hivyo hivyo, maboksi mawili, nimezifunika magazeti na kila boksi nimetia ndizi mbivu, zitaiva zenyewe tu. Hii kazi ilikuwa ya kwako, ulisema utakuja Septemba kunisaidia kuvuna, Septemba ikapita hata simu hakuna, mgongo ninao mimi. Sukuma ndo iko vilevile, baridi haiiwezi, tena sa hivi imekuwa tamu kuliko ya Agosti. Nimekata, nikachovya maji ya moto dakika mbili tatu, nikatia maji ya barafu, nikakamua, nikaweka friza mifuko 11. Sita yako.

Wanasema kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe futi 1 kutoka ukutani. Nakwambia ili ujue tu, sio ndo upande. Usipande peke yako. Hata kama gata zinamwagika, hata kama jirani anaangalia, ziache zimwagike.

Jumamosi nakuja, ngazi nitashika mwenyewe. Nijibu leo kama ulishuka salama, alafu toa nafasi kwenye friza yako, mifuko sita sio midogo, na kuna boga.

Mama