Hayo maji yaache

Kariobangi, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako fundi mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Nyumbani hatujambo, ila mafua ya watoto. Barua yako niliisoma nikiwa nimekalia mtungi pale karakana, nikacheka, kisha nikanyamaza, maana hilo pipa lako la dizeli ya mafuta ya kupikia, lililogeuka maziwa mala, ni pipa langu la mwezi wa saba. Unasema ulitia maji ya kuiosha dizeli, ukakoroga kwa mti kwa nguvu zako zote, na tangu Alhamisi hakuna kilichojitenga. Na lawama zote umeyatupia maji ya kisima cha Kisauni, eti yana chumvi. Ndugu yangu, hayo maji yaache. Chumvi ingekusaidia hata. Mambo yaliharibika kabla hujatia tone.

Kila chembe ya mafuta ya kupikia ina mikia mitatu iliyofungwa kwenye kipande kimoja cha gliserini. Kazi ya methanoli, ile alkoholi yenye sumu, ni kuifungua mikia yote mitatu, na kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) ndiyo inayoiharakisha. Ikifunguka mmoja au miwili tu, unabaki na kitu chenye mguu mmoja kwenye mafuta na mwingine kwenye maji. Hicho, pamoja na sabuni, ndicho kinachoshika maji na kukataa kuyaachia. Ukaongeza na kile kikorogeo chako! Maji ya kwanza hunyunyizwa tu, kama mtu anayemwagilia miche. Mimi natumia kichwa cha bomba la kunyunyizia dawa shambani.

Sasa hesabu. Umetia kostiki gramu 140 kwa lita 40, yaani gramu 3.5 kwa lita. Hiyo ni ya mafuta mapya. Yako yametoka kwa mama wa bhajia na viazi karai, yamekaanga siku nenda siku rudi, na yana asidi. Asidi hiyo hula kostiki kwanza, kinachobaki ndicho kinachofanya kazi. Kwa hiyo pima. Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji safi. Chukua mililita 1 ya mafuta, ichanganye na mililita 10 za alkoholi ya aisopropili, tia bizari ya manjano kidogo (ndiyo, ileile ya jikoni), halafu dondoshea yale maji ya kostiki kwa sirinji. Rangi ikigeuka nyekundu ya matofali na ikatulia hapo, angalia umetumia mililita ngapi. Yangu ya mwezi wa saba nilipoyapima, kwa kuchelewa, yalisoma 4. Jumlisha na 3.5, zidisha kwa 40: gramu 300. Nami nilikuwa nimetia 140 kama wewe, mtu mzima na miwani yangu.

Ila usikimbilie kuongeza kostiki kabla ya kuyakausha mafuta. Maji ndani ya mafuta, pamoja na kostiki, ni sabuni moja kwa moja. Dondosha tone kwenye sufuria yenye moto. Likitatarika, rudi jikoni uyakaushe tena.

Kuhusu joto la kuchanganyia, wewe uko pwani, una nafasi kuliko mimi. Methanoli huchemka kwenye digrii 64.7 huko usawa wa bahari. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu, inachemka mapema, karibu na 60, kwa hiyo mimi sivuki 55. Wa kwanza kunifundisha hilo ulikuwa mvuke uliotoka kwenye kifuniko, wala si kitabu. Nilifungua mlango nikakimbia.

Hiyo mala usiimwage. Igawe kwenye mitungi, iweke ndani ya beseni la maji moto mbali na jiko, tia maji ya chumvi yenye uvuguvugu, uache usiku kucha. Yangu ilianza kukatika asubuhi, utando mweupe ukabaki katikati kama sufi. Siki nayo huivunja, lakini inairudisha sabuni kuwa asidi, na asidi inabaki ndani ya mafuta yako, kwa hiyo mimi huiacha iwe ya mwisho. Ukishapata mafuta, yakaushe, kisha tia mililita 3 katika mililita 27 za methanoli, utikise. Yakiyeyuka yote, umefuzu. Ukiona tone limezama chini, hayo ni mafuta ambayo hayajabadilika, na hapo unairudia kazi kwa methanoli na kostiki kidogo. Safari nyingine fanya hivyo kabla ya kuosha. Ni dakika chache, na huku kwetu mtungi wa maji ni pesa.

Kwa ajili ya maji hayohayo, maji ya mwisho ya kuoshea siyamwagi. Nayatunza yawe ya kwanza kwa pipa linalofuata, kwani ni safi kuliko mafuta yatakayoyapokea. Yale meupe ya mwanzo ndiyo yananikera. Yana sabuni na methanoli, na mtaro wetu unaishia mtoni.

Lile tope jeusi la chini ulilouliza, usiliite gliserini mbele ya watu. Gliserini imo, lakini imo na sabuni, kostiki na methanoli iliyobaki. Jirani yangu wa saluni alikuja na chupa tupu, akaomba robo lita apake wateja nywele. Alikuwa amesoma kwenye kopo la mafuta kwamba gliserini ni nzuri. Nilimkatalia akanuna wiki nzima. Wewe unakumbuka kumi kumi, ile pombe haramu ya Mukuru hapa Nairobi mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa, wengine wakapofuka, na ilikuwa methanoli hiihii. Nilimwonyesha ule mkono wangu uliobabuka na kostiki, ndipo akaelewa kidogo. Mimi tope hilo nalitengenezea sabuni ya kuoshea sakafu na vyuma vya karakana, na tu baada ya kutoa methanoli yote nje, kwenye hewa.

Mwisho wa mwezi nashuka kwa treni. Nitakuja na sirinji na miwani ya pili ya kukinga macho, maana najua huna. Mwambie shemeji aagize viazi karai kwa yule mama, na wewe uniwekee kikombe kimoja cha mafuta yake. Nitayapima kwanza, ndipo niamue kama nakula.

Ndimi mwenzako wa Kariobangi