Mpwa wangu, ipunguze hiyo menyu kabla hujafungua mgahawa

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka Lindi. Sisi huku ni wazima, bibi yako naye anakusalimu na anakuombea dua kwa kazi unayoianza.

Menyu uliyonitumia nimeisoma yote. Nimeona piza, biriani, baga, kuku wa kila namna, na samaki wote wa baharini wamepangwa kwa bei, kana kwamba kila siku watakuwepo. Najua umeiandika kwa moyo. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayefungua mgahawa Mtwara msimu huu wa korosho, na jambo lenyewe linawahusu wenzako pia.

Nimekula hotelini maisha yangu yote, kazi zangu zilikuwa za njiani. Milo mingi imeshanitoka kichwani. Ile iliyobaki, nikiichunguza, naona karibu yote ilipikwa na mtu aliyenikatalia nilichokitaka.

Mikindani palikuwa na mama mmoja, benchi zake ziko chini ya mti wa mkungu, anapikia mkaa. Nikaagiza pweza wa nazi. Akasema hakuna. Nikamwambia mbona jirani yako anao? Akanijibu bila kuacha kukuna nazi: "Huyo wa juzi. Sasa hivi ni maji mafu, mwamba haujatoka. Njoo bamvua." Akanipa changu wa kuchoma aliyemwagiwa tui lililotiwa embe bichi, nikala nikanyamaza. Wewe umekulia pwani, unajua maana yake: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali, wanawake hutembea juu ya mwamba na fimbo zao kuwatoa pweza mashimoni. Siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki vya kutosha.

Nikarudi mwezi ulipokuwa mpevu. Pweza alikuwa ametolewa asubuhi hiyohiyo. Alishapondwa juu ya jiwe mpaka akalegea, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe, halafu akaungwa kwa tui jepesi kwanza, tui zito mwishoni, na pilipili mbuzi moja iliyoachwa nzima isipasuke. Wali wake ulikuwa mkavu, kila punje peke yake. Nimekula pweza mahali pengi tangu hapo, Dar es Salaam na Zanzibar pia, wengine watamu sana. Lakini yule mama alikuwa amenifundisha kumsubiri, na mtu aliyesubiri hula kwa mdomo mwingine.

Mlo wa pili unakuhusu wewe. Ulizaliwa hospitali ya Ligula, usiku, baada ya mama yako kuteseka mno. Asubuhi nikatoka kumtafutia chakula, nikaingia kwa mama ntilie aliyekuwa jirani na hapo, nikaagiza ugali na maharage, vya kwangu na vya kumpelekea. Akaniuliza: "Mgonjwa wako ana nini?" Nikasema amejifungua. Akaurudisha ugali kwenye sufuria. Akasema mzazi hapewi hicho leo, akawasha jiko la pili, akampikia supu ya samaki yenye ndimu na tangawizi, akamkorogea na uji mwepesi. Mimi akaniketisha, akanipa chai na chapati, akaniambia nile kwanza, maana nilikuwa natetemeka na sikujua. Bei aliyonitoza ilikuwa ileile ya maharage. Mama yako hadi leo akipika supu ya samaki huonja na kusema bado haijafika ile ya Ligula. Hiyo ya pale haikuandikwa kwenye menyu yoyote, mpwa wangu. Ilitoka kwa mtu aliyeuliza swali moja kabla ya kupakua.

Nikukumbushe pia Somanga, pale njiani kati ya Lindi na Dar es Salaam, kwa ufupi. Kabla ya daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, na hata miaka kadhaa baadaye kabla lami haijakamilika, masika ikikukuta njiani basi liliweza kulala kwenye tope. Ukifika Somanga unakuta samaki wa kukaanga, basi. Hakuna cha kuchagua. Njaa ile ilikuwa nusu ya kiungo, nakubali, lakini samaki alikuwa ametoka baharini muda si mrefu, na waliomkaanga hawakufanya kingine chochote siku nzima. Mkono uliozoea kitu kimoja unajua sekunde ya kumgeuza.

Ndiyo maana nakusihi uikate menyu. Bakiza vitu vinne au vitano kwa siku, na uviache vibadilike. Mbaazi za nazi na chapati asubuhi, hizo zisikosekane kamwe, mbaazi ni zetu. Kiangazi weka ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, kwa chumvi na pilipili. Wageni wa bandarini na wa kiwanda cha saruji hawajawahi kuiona, na wenyeji wataifuata hata ukijificha uchochoroni. Kusi ikivuma na ngalawa hazitoki, sema wazi kwamba samaki hakuna, upike kisamvu kilichoungwa kwa korosho za kusaga. Mteja akiondoka kwa hasira siku hiyo, mwache. Akirudi atakuamini siku utakayomwambia samaki yupo.

Piza iondoe kabisa. Siichukii, ila huna tanuri na hujawahi kuipika.

Kuhusu fremu uliyoniuliza: chukua ile ya Shangani, karibu na soko la samaki la Feri, japo kodi imezidi. Utakuwa unaona mwenyewe kilichoshuka alfajiri, hutategemea kuambiwa. Friza kubwa usiinunue bado. Hiyo fedha nunua masufuria mazito, ubao mweusi na chaki, uandike kila asubuhi kilichopo. Mbuzi ya kukunia nazi usinunue, mama yako ana mbili, nimeshaongea naye. Atakuletea Jumamosi, na amesema atakaa wiki nzima jikoni kwako mpaka tui lako liwe sawa.

Mjomba wako