Hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa si barua ya kawaida

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze kasoro moja ambayo imemrudisha nyuma mdogo wangu wa kike kwa miaka mitatu, na ambayo naamini inawakwaza wengine wengi wanaodai talaka huku Tanzania Bara.

Wengi wetu tunadhani shauri la talaka linaanzia kwa karani wa mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 101, inakataza kufungua shauri hilo kabla mgogoro haujapelekwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na Baraza lenyewe kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Uthibitisho huo una hati yake maalumu, ambayo mahakamani huitwa Fomu Namba 3, na kifungu cha 106 kinataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa, kwa hiyo hata aliyeipata kihalali akaiweka kabatini mwaka mzima atalazimika kurudi barazani.

Mdogo wangu hakupewa hati hiyo. Alipewa barua, nami niliishika mkononi: nusu ukurasa ulioandikwa kwa kalamu, mhuri wa kata umepigwa juu ya saini, na maneno kwamba wahusika wameshindwa kuelewana, hivyo mahakama iwasikilize. Haikuonyesha Baraza liliketi lini, wajumbe walikuwa akina nani, wala kama shemeji aliitwa. Ukweli ni kwamba Baraza halikuketi kabisa, ingawa sheria inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mtu mmoja alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamwandikia, akamwambia aende. Linaloniumiza zaidi ni kwamba shemeji angeitwa kwa maandishi akakaidi kwa makusudi, sheria yenyewe ingemruhusu mdogo wangu kwenda mahakamani bila usuluhishi, kama inavyomruhusu aliyetelekezwa na mwenzi asiyejulikana alipo. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Mahakama ya Mwanzo iliipokea barua ile, ikavunja ndoa na kugawa nyumba waliyoijenga pamoja. Shemeji akakata rufaa, na shauri lilipofika Mahakama Kuu mwenendo wote ulifutwa kwa sababu hapakuwa na hati halali ya Baraza. Siku ile mdogo wangu, ambaye alikwisha kuanza kupanga maisha yake upya, aliambiwa kwamba kisheria bado ni mke wa mtu.

Simlaumu jaji, wala siungi mkono wanaosema Mabaraza haya yafutwe kwa kuwa yanachelewesha haki. Nimeona ndoa mbili katika ukoo wetu zikinusurika kwa sababu wazee wenye busara waliwaketisha wahusika wakazungumza. Lakini hatua ambayo kuikosea kunabatilisha hukumu haiwezi kuachiwa mtu ambaye hajawahi kuiona fomu yenyewe.

Wajumbe wafundishwe pia mipaka ya kazi yao. Baraza halitoi talaka wala haligawi mali. Nimesikia mama mmoja akiambiwa barazani achukue vyombo vya jikoni na godoro, kwani nyumba ni jasho la mume, naye akakubali kwa kudhani hiyo ndiyo hukumu. Mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ni kazi ya mahakama chini ya kifungu cha 114, na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuipata mali hiyo. Vivyo hivyo, ndugu zetu Waislamu waelezwe kwamba talaka iliyotamkwa nyumbani au kuandikwa kwa shehe haimalizi jambo mbele ya sheria ya nchi. Mahakama ndiyo itakayoizingatia na kutoa amri, baada ya Baraza kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana.

Naziomba halmashauri zihakikishe Fomu Namba 3 inapatikana katika kila kata, na kila wito wa Baraza uandikwe na nakala yake itunzwe. Naomba pia makarani wa mahakama waikague hati siku ile ile mdai anapofika dirishani, kabla hajalipa ada, kwani kumrudisha mtu kata siku hiyo ni nauli tu, lakini kumrudisha baada ya rufaa mbili ni miaka ya maisha yake.

Mdogo wangu amefika tena mbele ya Baraza, safari hii lililoketi kwa idadi kamili, na hati yake imejazwa ipasavyo. Shauri jipya litatajwa mwezi ujao.

Msomaji wenu,
Morogoro