Barua ya wazi kwa vijana wetu wa London mashariki

Wanangu, asalaam aleikum.

Nawaandikia nyinyi mnaokaa nje ya duka la kuku pale Barking jioni, traksuti ya Nike Tech ya kijivu imefungwa zipu mpaka kidevuni, kibegi kifuani, suruali mmeichomeka ndani ya soksi. Mama zenu wamenituma niwaambie mzivue. Sisemi hivyo, na wanisamehe.

Mtindo huu una wenyewe kabla yenu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashabiki wa Liverpool wakiifuata timu yao Ulaya walirudi na Adidas, Lacoste na Fila ambazo hapa hazikuwa rahisi kupatikana. Mwaka 2005 Bluewater, lile jengo kubwa la maduka huko Kent, likapiga marufuku mahudi, yale masweta yenye kofia, na miaka hiyohiyo magazeti yalikuwa yakiwacheka vijana wa Kizungu wa familia maskini, yakiwaita "chav", neno la dharau. Kwa hiyo mlinzi anayewafuata nyuma dukani hakuanza na nyinyi. Kwenu ameongeza rangi tu.

Lugha yenu nayo siipigi vita. Skepta wa Tottenham aliimba kwa lugha hiyohiyo ya mtaani, na mwaka 2016 akachukua tuzo ya muziki ya Mercury. Itaneni "bruv", yaani ndugu, itaneni "mandem", yaani washikaji. Kinachonikera ni hiyo "wallahi" yenu. Mtu anaapa kwa Mungu kwamba chipsi zake zilikuwa nyingi kuliko za mwenzake! Muogopeni Mola.

Sasa raba. Air Max 95 mnaziita "one-ten" kwa bei yake ya zamani, pauni 110. Leo bei imeruka mbali. Kama umezinunua kwa jasho lako, vaa utambe. Lakini wengine mama yake anasafisha ofisi usiku kucha, anarudi na basi la alfajiri, na pesa ya raba imetoka kwenye pochi yake. Huyo aniepuke.

Na "bali", ile kofia ya kuficha uso, vueni. Hapo niko upande wa mama zenu. Julai nani anasikia baridi ya pua?

Polisi akikusimamisha akupekue, usikimbie, usitukane. Muulize anatafuta nini, kwa sababu gani, na kwa sheria ipi. Jina lake na kituo chake ni haki yako kuambiwa. Jina lako hulazimiki kumpa kwa sababu ya upekuzi tu. Omba na karatasi ya kumbukumbu. Akikutajia kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1994, ujue eneo hilo limetangazwa kwa muda kuwa eneo la upekuzi, na hapo hahitaji kukushuku ndipo akupekue.

Ijumaa baada ya sala nipo ukumbini. Mwenye karatasi ya polisi aje nayo tuisome pamoja, na traksuti yake hivyohivyo. Mwenye raba za mama aje pia, huyo nina maneno naye.